Wimbi la Boti ya Waamuzi

Wachuuzi wa dagaa pale Katonga, Kigoma, walimzoea Shadya Gharib kabla hawajakizoea chombo chake. Kayaki waliiita ganda, kwa kuwa ilikuwa nyembamba na nyepesi, na mtu alikaa ndani yake kama punje ya karanga. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti huyo alipita mbele ya mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, akiwa amefunga ushungi wake kisogoni, kafi lake lenye vibapa pande zote mbili likizama kulia, likizama kushoto, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliinua macho kumtazama.

"Hivi anakimbizwa na nani yule?"

"Hakimbizwi. Anafanya mazoezi."

"Mazoezi gani hayo, kila siku anarudi bila hata mgebuka mmoja?"

Walicheka, na Shadya alicheka nao huko majini, maana aliwasikia vizuri. Sauti husafiri mbali juu ya ziwa lililotulia.

Alikuwa na miaka kumi na sita, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mkazi wa mtaa wa Kasingirima tangu azaliwe. Baba yake, Gharib Haruna, alikuwa fundi wa mitumbwi. Karakana yake haikuwa na kuta, ilikuwa ni mabati manne juu ya nguzo, hatua chache kutoka majini, na chini yake hapakukosekana mtumbwi uliolazwa ubavu ukisubiri ubao mpya au kuzibwa nyufa kwa pamba iliyochovywa mawese. Harufu ya mawese na vumbi la mbao ilimfuata Gharib mpaka nyumbani, mpaka msikitini, mpaka ndani ya kanzu yake ya Idi. Mkewe, Bi Zuhra, alikuwa akisema kwamba akipotea mumewe sokoni yeye hatahangaika kumwita, atafumba macho na kunusa.

Kayaki ziliingia katika maisha yao kwa mlango wa Mwalimu Vedasto. Huyu alikuwa mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Bukoba, aliyepangiwa kazi Kigoma na kuja na kiu ya mchezo alioujua akiwa chuoni. Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga kambi yake ya watalii alimwachia kayaki nne kuukuu, na tatu kati ya hizo zilikuwa zikivuja. Mwalimu akazipeleka kwa Gharib. Fundi alizizunguka, akaigonga mojawapo kwa kifundo cha kidole, kisha akatikisa kichwa.

"Mwalimu, mimi hutengeneza vyombo. Hiki ni kiatu."

"Basi kishone, Fundi."

Alikishona. Na siku ya kukijaribu, hakuna mtu mzima pale aliyeweza kukaa ndani bila kupinduka. Vijana walipinduka, Mwalimu mwenyewe alipinduka na miwani yake. Shadya, aliyekuwa amemletea baba yake chakula, aliomba naye ajaribu. Alikaa, akatulia, akapiga kafi mpaka kwenye mtumbwi uliotia nanga huko mbele, akarudi na nguo kavu. Mwalimu Vedasto alibaki ameduwaa. Gharib hakushangaa hata kidogo.

Hakushangaa kwa sababu yeye ndiye aliyemlea majini. Tangu Shadya alipokuwa mdogo, Gharib alipomaliza kutengeneza mtumbwi alimkalisha mbele ili chombo kipate uzito, wakautoa ziwani kuujaribu. Huko walipishana na maboti ya abiria yaendayo vijijini, yenye injini kubwa na mawimbi marefu nyuma yake. Kila boti lilipopita, Gharib alipaza sauti: "Pua! Lipe pua!" Naye Shadya alichovya kafi na kuigeuza pua ya mtumbwi ilielekee wimbi, chombo kikapanda, kikashuka, wakaendelea. Wimbi likikupata ubavuni linakupindua, hilo kila mtoto wa mwalo analijua. Lakini kwa Shadya lilikuwa zaidi ya kujua. Mikono yake ilifanya yenyewe, kama vile mtu anavyotoa kidole kwenye moto.

Mwalimu Vedasto aliwafundisha Shadya na wanafunzi wenzake mengine yote: kukaa wima, kuzungusha kiwiliwili, kuvuta maji kwa mgongo badala ya mikono. Jambo moja tu lilimshinda. Mashindano huendeshwa kwenye njia zilizonyooka, kila mchezaji na njia yake, na mipaka yake ni maboya. Mwalimu alikusanya madumu matupu ya mafuta, akayafunga kwenye mawe, akayapanga majini kwa mistari miwili. Kesho yake hakulikuta hata moja. Wavuvi waliyaona madumu mazuri yanaelea bila mwenyewe, wakayachukua yawe maboya ya nyavu zao. Akapanga mengine, nayo yakaenda. Alipolalamika mwaloni, mzee mmoja alimwambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, ziwani hatuchori barabara." Hatimaye akawaambia wanafunzi wake wachague mwembe mmoja upande wa pili wa ghuba na kuulenga. Wakafanya hivyo. Na boti lilipopita, Shadya aliacha kuulenga mwembe, akalipa wimbi pua, kisha akarudi kuulenga.

Mwaka huo ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, wavuvi walipumzika, lakini fundi wao hakupumzika. Kila mwenye mtumbwi alitaka utengenezwe kabla ziwa halijafunguliwa. Gharib alifanya kazi tangu alfajiri hadi giza, na mwezi wa sita alianguka chini ya mabati yake, tezo mkononi. Presha, walisema hospitalini. Alirudishwa nyumbani akiwa na mkono wa kushoto usiomsikiliza, na daktari akamwonya Bi Zuhra: mgonjwa asichoshwe, na zaidi ya yote asishtuliwe.

Wiki chache baadaye ulifika wakati wa mchujo wa vijana kule Mwanza. Wasichana wawili watakaotangulia wangeingia kambi ya timu ya taifa ya vijana. Mwalimu alikuwa na nauli ya wachezaji wawili tu: Shadya, na Leonia, binti wa wakulima wa Simbo, mrefu, mpole, aliyejifunza kuogelea akiwa na miaka kumi na nne na ambaye bado alifumba macho maji yakimrukia.

Shadya hakutaka kwenda. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha baba yake na kumwambia hivyo.

"Kwa nini?" aliuliza Gharib. Ulimi wake ulikuwa mzito upande mmoja.

"Nikae nikuangalie."

"Mama yako ananiangalia mpaka nimechoka kuangaliwa." Akamshika mkono kwa ule wake uliobaki mzima. "Nenda. Ukivuka mstari, nipigie. Kabla hata hujafuta maji usoni, umesikia? Nataka nikusikie ukihema."

"Nikishindwa je?"

"Wewe nipigie ukihema," alisema baba yake. "Mengine nitayajua mwenyewe."

Akaenda. Moyoni aliweka nadhiri moja tu, kwamba atampigia baba yake akiwa mshindi. Aliona, kwa akili ya mtoto anayempenda mzazi wake, kuwa habari ya namna hiyo ingefanya kazi ambayo vidonge vilishindwa kuifanya.

Kayaki za kushindania wangezikuta huko huko, kwa hiyo walisafiri na makafi yao tu, yamefungwa kwa khanga kuukuu ya Bi Zuhra, vibapa vikichungulia nje. Ndani ya treni kulikuwa na mama mmoja aliyeyatazama makafi hayo tangu Uvinza hadi uvumilivu ukamwishia.

"Wanangu, hiyo miiko mnaipeleka harusi gani?"

"Si miiko, mama. Ni makafi ya kayaki," alisema Leonia.

"Yoo! Mimi nilishasema hao watu wa harusi wamealika kijiji kizima."

Walicheka mpaka Tabora, ambako walibadilisha treni ya kwenda Mwanza. Hiyo ndiyo furaha ya mwisho ambayo Shadya anaikumbuka bila kitu kingine kuchanganyika ndani yake.

Asubuhi ya mashindano Mwalimu Vedasto alikuja kunywa chai akiwa na macho mekundu. Shadya alimwamkia, naye akaitikia huku akitazama kikombe.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Mafua. Upepo wa huku siuwezi." Alimega chapati na kuirudisha sahanini. "Wewe umelala?"

"Nimelala. Nilitaka nimpigie baba kabla sijaingia majini."

"Simu yangu haina chaji," alisema Mwalimu haraka. "Na tulikubaliana, sivyo? Ukishavuka."

Maji ya ghuba waliyoshindania yalikuwa tambarare kuliko maji yoyote aliyowahi kuyaona. Hakuna boti la abiria, hakuna upepo wa kusini. Maboya ya rangi ya machungwa yalikuwa yamepangwa kwa kamba, yamenyooka kama mistari ya daftari. Katika mbio za kwanza Shadya alimaliza mbele ya wenzake kwa nafasi kubwa, na watu ukingoni wakaanza kuulizana huyu mwenye ushungi ametoka wapi.

Fainali ilikuwa adhuhuri. Walipoondoka, aliyashika maji vizuri tangu pigo la kwanza la kafi. Katikati ya mbio hakuona mtu kushoto wala kulia. Alisikia tu pumzi yake, na nyuma kidogo pumzi ya msichana wa Mwanza. Ndipo boti ya waamuzi, iliyokuwa ikiwafuata pembeni, ilipoongeza mwendo ili iwahi mstarini. Ikampita upande wa kushoto. Wimbi lake halikuwa kubwa. Kwa ziwa la kwao lingekuwa wimbi la kitoto, la kuchekwa. Shadya aliliona kwa pembe ya jicho likija ubavuni mwake, na kabla kichwa hakijasema lolote mikono ilishafanya. Pua ikageuka kushoto. Kayaki ikapanda wimbi, ikapita kati ya maboya mawili, ikashuka upande wa pili. Kisha akairudisha, akaulenga mstari wa mwisho, akavuta kwa nguvu zake zote. Alivuka wa kwanza.

Bendera nyekundu ilipanda kwenye boti ya waamuzi. Shadya, akihema, maji yakimchuruzika usoni, aliinua kafi juu kwa mikono miwili. Alidhani ni bendera yake.

Mwalimu Vedasto alimpokea ukingoni. Alimsaidia kutoka kwanza.

"Wamekutoa, Shadya."

"Wamenitoa wapi?"

"Umetoka kwenye njia yako. Umevuka maboya."

"Lakini kulikuwa na wimbi, Mwalimu."

"Wimbi hilo liliwafikia wote."

"Na wao wakafanyaje?"

"Wakaliacha liwapige."

Shadya aliwatazama wale wasichana wengine wakitoka majini, nguo zimelowa upande mmoja. Hakuelewa. "Walilipa ubavu?" aliuliza. "Kwa makusudi?"

Aliyekuwa wa tatu alipanda akawa wa pili. Aliyekuwa wa tatu ni Leonia. Aliufikia ukingo akiwa bado hajui, akaambiwa na mwamuzi, akamtafuta Shadya kwa macho, na furaha yake ikazimika papo hapo.

"Naomba simu, Mwalimu," alisema Shadya.

"Kaa kwanza. Kunywa maji."

"Nimemwahidi kabla sijafuta uso. Naomba simu."

Mwalimu alisogea pembeni, akapiga mwenyewe, akazungumza kwa sauti ya chini akiwa amewapa mgongo. Kisha akaja akampa. Upande wa pili haikuwa sauti ya baba. Ilikuwa ya Khamisi, baba yake mdogo.

"Shikamoo baba mdogo. Nipe baba."

"Marahaba, mwanangu." Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi, na vyombo vikigongana. "Baba amelala."

"Mchana huu? Na hao wanaozungumza ni kina nani?"

"Wageni. Wamekuja... wamekuja kumjulia hali. Amelala, Shadya. Usingizi mzuri kabisa, tusimwamshe."

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakulipanga. Alikuwa amejiandaa kusema kweli. Lakini aliona jinsi baba yake atakavyoamka na kuuliza ilikuwaje, na jinsi atakavyolazimika kumjibu kwamba niligeuza pua, baba, kama ulivyonifundisha. Angemjibuje hivyo mtu ambaye daktari amesema asishtuliwe? Mtu ambaye hakumpa urithi mwingine wowote zaidi ya huo?

"Akiamka mwambie nimeshinda," alisema. "Mwambie nimekuwa wa kwanza."

"Umeshinda?" aliuliza Khamisi. "Wallahi, Shadya?"

"Ndiyo."

Alimsikia akiwatangazia watu waliokuwa karibu naye, na mwanamke mmoja akapiga ukelele uliokatika katikati. Shadya aliudhani kigelegele. Aliporudisha simu, aliyakuta macho ya Mwalimu Vedasto yakimtazama. Alikuwa amesikia kila neno. Shadya alingoja amkaripie kwa kusema uongo, lakini Mwalimu aliitia simu mfukoni, akaenda kusimama karibu na maji, akakaa huko muda mrefu.

Safari ya kurudi ilimchosha kwa wema wake. Leonia alimbebea begi. Mwalimu alimnunulia asali Tabora, akampa kiti cha dirishani, akamfunika kwa koti lake. Kila mara alipofumbua macho alimkuta mmoja wao akimtazama na kugeuka. Shadya aliamini anahurumiwa kwa kushindwa, na kwa upande wa Leonia aliamini ni aibu ya kupata nafasi isiyo yake.

"Leonia, sina kinyongo," alimwambia walipokuwa wakipita Malagarasi. "Ulikaa kwenye njia yako. Nafasi ni yako."

"Naomba tusiseme habari hizo," alisema Leonia, na machozi yakamdondoka.

"Unalia nini sasa? Aliyeshindwa ni mimi."

Leonia alimkumbatia, akamng'ang'ania.

Njia nzima Shadya aliendelea kuutengeneza uongo wake, kama baba yake alivyotengeneza mtumbwi, ubao kwa ubao, asiache pa kuvuja. Angesema msichana wa Mwanza alikuwa wa pili. Angesema maji yalikuwa mazito kidogo mwanzoni. Medali? Angesema zitaletwa. Na baba akipata nguvu, siku moja wakiwa wawili karakanani, angemweleza yote, na wangecheka.

Khamisi aliwapokea stesheni. Alikuwa amevaa kofia na kanzu, na haikuwa Ijumaa. Alimshika Shadya mkono kama mtoto wa miaka mitano, akampakia kwenye bajaji, wakaelekea Kasingirima. Walipokata kona ya nyumbani, Shadya aliliona turubai. Aliona mikeka, akaona masufuria makubwa yakioshwa, akaona jirani zake wakinyanyuka mmoja mmoja.

"Baba mdogo," alisema, "kuna nini nyumbani?"

Khamisi alimwambia dereva asimame.

"Nani? Sema, nani?"

"Alfajiri ya siku moja kabla ya mashindano yako," alisema Khamisi. "Tukamzika alasiri ile ile. Leo tumesoma khitma."

Desturi ni hiyo, na kila mtu hapa anaijua: aliye safarini hapewi habari ya msiba njiani. Huitwa nyumbani, huambiwa mgonjwa amelala, na habari humngoja mlangoni, mahali penye watu wa kumdaka. Shadya mwenyewe aliwahi kuwaficha wengine. Hakuwahi kufikiri inakuwaje kwa anayefichwa.

Alidakwa. Wanawake wa mtaani walimbeba mpaka ndani, na katikati ya vilio vyao alisikia maneno aliyodhani hayasikii vizuri. "Mshindi wetu huyu." "Angefurahi mzee, angefurahi." Bi Zuhra alikuwa chumba cha ndani, ameketi kwenye mkeka, amevaa nguo nyeupe za eda. Alinyoosha mikono, Shadya akaangukia humo.

"Nilikataa," alisema mama yake baada ya muda mrefu, mdomo wake ukiwa kwenye ushungi wa binti yake. "Nilitaka urudi umuone baba yako. Khamisi akasema huwezi kuwahi, hata upate ndege, alasiri anazikwa. Akasema ukiambiwa hutashindana, na marehemu alitaka ushindane. Nikakubali. Nikasema, basi ashinde. Nilikaa hapa namlilia baba yako, huku nakuombea ushinde. Na ulipopiga..." Akamwinua uso. "Ulipopiga, nikaona Mungu hakuninyima vyote. Nilimtuma Khamisi aende kaburini akamwambie. Alimwambia."

Shadya alifumba macho. Uongo aliokuwa ameutengeneza usivuje ulikuwa umeshafika mahali ambapo hawezi kuufuata.

Aliukalia siku nyingi. Aliwapokea waliokuja kumpa pole na hongera kwa pumzi moja, akaitikia zote mbili. Shuleni Mwalimu Vedasto alitazama pembeni, na Leonia alinyamaza, kila mmoja akidhani ndivyo Shadya anavyotaka. Lakini Bi Zuhra, asiyeweza kutoka nje kwa sababu ya eda, alikuwa ameshika kazi moja mikononi mwake. Alikuwa akimshonea begi la kwenda kambini, kwa kitambaa cha kanzu ya Gharib ya Idi. Lilipobaki mikanda tu, aliuliza, "Mnaondoka lini? Nijue nikukaangie visheti siku gani."

Shadya alikaa chini mbele yake.

"Mama, Leonia ndiye anayekwenda."

Sindano ilisimama.

"Sikushinda. Walinitoa. Nilidanganya nikidhani baba yu hai, nikaogopa ashtuke."

Uso wa Bi Zuhra ulifanya kitu kibaya zaidi ya kukasirika. Ulifanya hesabu. Shadya aliona mama yake akirudi nyuma hadi alfajiri ile, akiupima tena uamuzi alioukubali, akiukuta mikono mitupu.

"Yaani ulikosa kumzika baba yako bure," alisema mwishowe.

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe wewe? Wewe ndiye unisamehe." Aliliweka begi pembeni. "Ulipitwa?"

"Sikupitwa na mtu. Nilikuwa mbele. Boti ya waamuzi ikapiga wimbi la ubavuni, nikageuza pua, nikatoka kwenye njia."

Bi Zuhra alimtazama. Alikuwa ameishi na fundi wa mitumbwi miaka ishirini, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kitu kama kicheko kilimpanda kifuani, kikafika kooni, kikageuka njiani.

"Gharib," alisema, akitazama ukuta. "Gharib wewe. Hata huko ulimfuata mtoto."

Wakalia pamoja, kwa mara ya kwanza kwa jambo moja.

"Khamisi asiambiwe kwa sasa," alisema Bi Zuhra walipotulia. "Atajua tu, mji huu ni mdogo. Lakini asubiri kidogo. Aliifikisha ile habari kwa furaha mno." Akalichukua tena begi. "Na hili mpelekee Leonia. Asiende kambini na mfuko wa rambo."

Leonia alipoondoka, Shadya alikwenda kumsindikiza stesheni. Begi lilikuwa begani mwa rafiki yake. Walipokumbatiana, Shadya aliinama kulinusa, na ndani ya kitambaa kile, pamoja na sabuni yote ya mama yake, mawese yalikuwa bado yamo.

Wiki iliyofuata alirudi ziwani. Ziwa lilikuwa limeshafunguliwa, mwalo umejaa, na chini ya mabati manne fundi mwingine alikuwa akiranda ubao. Mwalimu Vedasto alikuwa amepata mtumbwi wa injini na kumwomba mwenye mtumbwi apite karibu na kayaki, arudi, apite tena.

"Mchujo mwingine upo mwakani," alimwambia Shadya. "Miguu, mgongo, kasi, vyote unavyo. Hili moja tu lazima uliache. Likija, usigeuze. Lenga mwembe, legeza kiuno, liache likupige."

Mtumbwi ukapita. Wimbi likaja, na mikono ikageuza pua.

"Njia yako, Shadya!"

Ukapita tena, akageuza tena. Hakuwa mkaidi. Kila mara alijiambia asigeuze, na kila mara, chini kabisa ya masikio yake, kulikuwa na sauti nzito ya mtu aliyekaa nyuma ya mtumbwi mpya ikimwambia lipe pua. Alfajiri kadhaa zilipita hivyo. Wanawake wa dagaa hawakumtania tena siku hizo. Walianika dagaa wao na kumtazama.

Kisha asubuhi moja mtumbwi ulipita, wimbi likaja kutoka kushoto, na mikono yake haikufanya kitu. Alilegeza kiuno. Wimbi lilimpiga ubavuni, likamwagika mapajani, likampa baridi hadi kifuani. Kayaki ilitikisika, ikatulia. Ilikuwa imenyooka, pua yake inauelekea mwembe.

"Hapo!" Mwalimu Vedasto alipiga makofi ukingoni, akiruka kama mtoto. "Hapo hapo! Umeona? Umeweza!"

Shadya aliacha kupiga kafi. Alilaza kafi magotini, akakaa kimya akisikiliza, akisubiri ile sauti imgombeze. Lilikuja wimbi la pili, dogo zaidi, nalo likampiga. Hakusikia kitu, isipokuwa maji.

Akaanza kulia kwa sauti, na kwa kuwa ziwa lilikuwa limetulia, mwalo mzima ulimsikia.